L Inatangulia, R Inafuata

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Leo nimevuliwa nguo hadharani, na aliyenivua ni mimi mwenyewe. (Nguo za heshima. Hizi nyingine ninazo bado, namshukuru Mungu.)

Nawaandikia nyie wazee wenzangu wa kanisa mapema, hapa kwenye kundi letu la simu, maana pale shuleni walikuwepo akina mama wanne wa kwaya. Mnajua habari inavyokimbia ikishaingia kwaya. Heri mnisikie mimi kwanza.

Ni hivi. Kitinda mimba wangu yuko darasa la saba. Leo wazazi tuliitwa shuleni kuthibitisha majina ya watoto kabla hayajapelekwa halmashauri kwa ajili ya mtihani wa taifa. Mwisho saa sita mchana. Jina likienda na kosa, kosa linatokea kwenye cheti, na cheti ni cha maisha. Mtoto atazunguka maofisini mpaka soli iishe, akieleza kwamba yeye ni yeye.

Kwa kawaida mambo ya shule ni ya mke wangu, Mama Petro. Lakini jana alikwenda Mishamo kumuuguza dada yake. Leo alfajiri akanipigia simu.

"Baba Petro, kwenye ile orodha wamegeuza herufi za jina la mtoto. Kumbuka: L inatangulia, R inafuata. Nikutumie meseji jina lote?"

"Meseji ya jina la mwanangu? Mama Petro, niheshimu."

(Wekeni alama hapo. Kuanguka kulianzia hapo.)

Binti naye, wakati anafunga kamba za viatu, akaniambia, "Baba, usikosee. Sitaki kwenda sekondari na jina ambalo si langu."

"Mayu, umewahi kuniona nikikosea?"

Akaendelea kufunga kamba. Ni mtoto mwenye adabu.

Nikachukua bajaji. Njia nzima nikawa nakariri: L inatangulia, R inafuata. L inatangulia, R inafuata. Dereva akapunguza mwendo. "Mzee, hiyo L ni kona ya wapi?"

Tukafika. Wazazi walikuwa wamejaa darasa zima, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole sana, akaniona na Biblia yangu akaniomba nifungue kwa sala. Sala ilikuwa fupi. (Kwa kipimo changu.) Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu. Lakini nyie mnanijua. Nikaona kundi la akina baba wamekaa nyuma, roho ikanisukuma niseme neno.

Nikawaambia habari za mchungaji anayewajua kondoo wake mmoja mmoja, kwa jina. Nikasema, "Akina baba, mnajua majina ya wachezaji wa timu nzima pamoja na wa akiba. Mwanao je?" Nikamnyooshea kidole kijana mmoja wa bodaboda, mwenye kikoti cha kung'aa, aliyekuwa ameinamia simu. "Wewe! Mwanao anaitwa nani?"

Akashtuka, akajibu. Sikumsikiliza sana. Mhubiri akiuliza huwa hasubiri jibu.

Akina mama wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema, "Kwa neno hilo, Mzee Shija awe wa kwanza mezani."

Nikaenda kifua mbele. Mezani alikaa mwalimu wa taaluma, kijana wa miwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kusahihisha. L inatangulia, R inafuata."

"Vizuri sana. Jina la mtoto?"

Ndugu zangu. Nikakohoa.

Niwaeleze, kwa wale ambao si Wasukuma. Binti huyu amerithi jina la mama yangu mzazi, marehemu. Kwetu sisi, jina la mama yako hulitaji ovyo. Mtoto akilirithi, unamwita Mayu, yaani mama. Nami tangu azaliwe sijamwita vinginevyo. Kaka zake wanamwita Mayu. Majirani wanamwita Mayu. Hata Mama Petro nyumbani anamwita Mayu. Jina la shule lipo, ndiyo, lakini linakaa shuleni.

"Mayu," nikasema.

Akapekua karatasi. "Mzee, hatuna Mayu Shija. Jina lake hasa?"

"Hilo ni la mama yangu. Silitaji."

"Basi la ubatizo."

Nyuma yangu nikasikia madawati yakilia. Kwaya wanasogea mbele.

Siku ya ubatizo nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika bakuli la maji! Lakini nina watoto tisa, na wajukuu Mungu amenijalia kwa wingi, na mabakuli niliyoshika ni mengi. Nikatoa simu nimpigie Mama Petro. Hapatikani. Nikapiga tena. Mishamo nzima haipatikani.

Mwalimu akanionea huruma. "Tusaidiane, mzee. Waliogeuzwa herufi ni wawili tu, lakini wote ni wasichana, na wote baba zao ni Shija. Kuna Frola Shija na Grolia Shija. Aliyechapa ni Msukuma mwenzetu, ulimi umeshuka mpaka vidoleni. Wako ni Flora au Gloria?"

Flora. Gloria. Yote nayajua! Mmoja ni binti yangu na mwingine ni mjukuu wangu wa Katumba. Sasa yupi ni yupi? Nikafumba macho, nikaomba kimoyomoyo. Papo hapo jina likanijia, safi kabisa, kama limeletwa na malaika.

"Gloria!" nikasema kwa sauti, ili na wale wa nyuma wasikie. "Mwanangu Gloria!"

Mwalimu akasahihisha. Nikasaini. Ile sahihi yangu ndefu, yenye mkia.

Bega langu likaguswa. Kugeuka, ni yule kijana wa bodaboda.

"Mzee wangu, samahani. Huyo Gloria ni wa kwangu."

"Kijana, subiri zamu yako."

"Nisubiri nini tena, mzee, na mwanangu umeshamchukua? Mimi ndiye Shija, baba Gloria. Si umeniuliza mwenyewe muda ule, nikakujibu?"

Ndipo nikajua malaika aliyeniletea lile jina alikuwa amevaa kikoti cha bodaboda.

Ndugu zangu, darasa lilicheka. Yule mama wa sauti ya kwanza, mnamjua, alicheka mpaka dawati likasogea. Ningesema haraka, "Basi ni Flora," mambo yangeisha. Lakini kichwa kilishakuwa kimevurugika, na sasa niliogopa hata kutaja jina langu.

Mwalimu mkuu akaniokoa, au alijaribu. "Mzee Shija, darasa la saba wako chumba cha pili hapo. Muite mwenyewe, aje atuambie. Saa sita inakaribia."

Nikafurahi. Hatimaye kazi ninayoiweza. Nikaenda, wazazi wakanifuata kama msafara wa harusi. Nikasimama mlangoni, nikarekebisha koti, nikaita:

"Mayu!"

Wakasimama wasichana saba.

Na mwalimu wa hisabati akageuka ubaoni: "Abee?"

(Mji wetu wa Mpanda umejaa Wasukuma, na Wasukuma tumejaa mama. Hili nilipaswa kulijua.)

Nikawatazama wale saba mmoja mmoja. Wangu hakuwemo. Wangu alikuwa dawati la mwisho, amelaza uso juu ya daftari, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Moyo ukaniuma. Mtoto alinipa kazi moja tu.

Akainuka. Akanipita mlangoni bila kunitazama, akaenda moja kwa moja hadi mezani, akasimama wima.

"Mwalimu, naitwa Flora Shija. L inatangulia..."

"R inafuata!" wazazi wote wakaitikia, kama litania.

Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, naye alishindwa kujizuia tena, akaangua kicheko mbele ya mwalimu mkuu.

Mwalimu akakata sahihi yangu kwenye mstari wa Gloria, pamoja na mkia wake. Nikasaini kwa Flora. Kisha nikamgeukia yule kijana, nikamwomba radhi palepale, maana nilimwaibisha mbele ya watu na ilinipasa kumrudishia heshima mbele ya watu haohao. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Hamna shida, mzee wangu. Gloria hana babu. Leo amepata."

Namshukuru Mungu kwa ajili ya kijana yule. Orodha ikaondoka saa sita kasoro, majina yote mawili yakiwa sawa.

Jioni nikamsubiri binti getini. Tukatembea. Nilikuwa nimeazimia kujirekebisha tangu leo. Alipotangulia kidogo nikaita, "Flora!"

Hakugeuka.

"Flora!"

Akasimama, akanitazama kwa wasiwasi. "Baba, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nakuita jina lako."

"Usiniite hivyo. Shuleni wakiniita hivyo kwa sauti hiyo, ujue kuna fimbo."

"Nikuiteje basi?"

"Kama siku zote."

"Haya, Mayu. Twende nyumbani."

Basi, ndugu zangu, nimemaliza. Ruhusa ya kucheka ninaitoa, ila kwa utaratibu. Anayetaka kucheka aandike kwanza hapa majina kamili ya watoto wake wote, yale ya shuleni, bila kumuuliza mke.

Nasubiri.

(Mbona kundi limekuwa kimya?)