Kibali cha Kumwaga Maji Chumvi

Jumatatu, 6 Oktoba
Tangi limebakiza siku nne kujaa. Mtambo wetu wa Singe huchuja chumvi ya kisima. Maji safi yanakwenda mabombani. Yanayobaki, machungu kuliko dawa ya minyoo, yanakwenda tangini. Tunataka kuyamwaga kwenye bwawa yakauke. Hatuna kibali. Faili la maombi, linalokwenda kwa afisa mazingira, limekosa muhtasari wa mkutano wa wakazi. Meneja, Bi. Brigita, kasema mkutano ni wangu, na kwamba Ijumaa ataandika barua ya kunithibitisha kazini, au ile nyingine.

Sijawahi kuhutubia watu. Tangazo la kwaya tu lilinitoa jasho. Nimesoma fomu mara nne: haikutaja idadi ya wahudhuriaji. Nimebandika tangazo: mkutano Jumatano, siku ya mnada. Watakuja watano.

Jumatano, 8 Oktoba
Wamekuja mia moja na kumi. Njia ya mnadani inapita getini kwetu. Sikulifikiria hilo, ingawa naipita kila siku. Wengine wamekuja na ng'ombe.

Mama Josephine, mwenye mahindi nyuma ya uzio wetu, akauliza kama maji hayo yatamuulia shamba. Nikasema hayana neno, ni chumvi kidogo, kama ya mboga. Mzee Lemayan, mfugaji, akasema kama ni hivyo yakaushwe kwa nini, ng'ombe wanapenda chumvi, wapewe wao. Makofi. Muzamil, fundi wa mtambo, akanikanyaga. Nikadhani ananipongeza.

Saini mia moja na kumi. Muhtasari nimeuandika kwa mwandiko wangu bora, kila neno nililosema.

Alhamisi, 9 Oktoba
Afisa mazingira kasoma muhtasari, kisha ripoti ya maabara, ukurasa wa tisa. Kauliza nani aliwaambia wananchi kwamba maji haya yananyweka. Jina langu limo mara sita. Kasema ng'ombe wakiyanywa wiki moja, yule mzee atabaki na fimbo tu. Faili limerudi. Niitishe mkutano mwingine, niseme ukweli.

Muzamil kasema alinikanyaga kwa buti la kazi makusudi, ili nielewe.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimesema ukweli. Nimeusoma kwenye karatasi, neno kwa neno. Mama Josephine akaniita mwanangu, kwa upole kabisa, akauliza: juzi chumvi ya mboga, leo sumu, kesho itakuwa nini? Mzee Lemayan akasema yeye haongei tena na mtoto wa karatasi, aletwe mtaalamu. Hakuna aliyesaini.

Saa tisa tangi likajaa. Muzamil akazima mtambo. Mabomba ya Singe yamekauka. Jioni nimepita penye foleni ya ndoo, nikawaamkia akina mama. Wakasogeza ndoo zao mbali nami.

Bi. Brigita hajaandika barua yoyote. Kanipa hadi Jumatatu, bila kuniangalia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mtaalamu wa kweli anapatikana baada ya wiki mbili. Sina wiki mbili. Lakini binamu yangu Eliakunda wa Dareda hajulikani huku, ni mrefu, na anaongea taratibu. Nimemwazimia koti jeupe kwa mwenye bucha. Safari hii nimefikiria kila kitu. Koti nimelifua mara mbili. Doa la kifuani limegoma. Nimemwambia akiulizwa aseme ni wino.