Geneva ni Karibu Kuliko Biharamulo

Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyopewa na kidato cha tatu, shule ya bweni, natangaza kwamba kuanzia leo Geneva iko karibu kuliko Biharamulo.

Tangazo hili nililitoa nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda, mbele ya benchi la kahawa la Bi Biubwa mjini Ngara, likizo ya Juni, mwaka 1995. Bi Biubwa akaniambia nishuke, kreti lina mwenyewe.

Chanzo kilikuwa redio. Ilisema wakubwa wa mambo ya wakimbizi waliopanda ndege Geneva jana jioni wameshuka Nairobi leo asubuhi.

"Uongo," akasema Mzee Bernardo wa Mugoma, ambaye kijiweni tunamwita Mzee Hapana kwa kuwa ndilo jibu lake la kwanza kwa kila jambo. Habari ilimgusa. Binti yake Jovina, mkalimani kambini, ametakiwa na ofisi yake aende Geneva kusoma, na jibu la baba linangojwa kesho. "Kule ni mbali. Nikifa leo, atafika lini kunizika?"

"Kesho kutwa," akajibu Shibuda, dereva wa lori la mahindi ya msaada. "Mimi juzi kwenda Biharamulo tu nimelala njiani, nangoja polisi wa kutusindikiza porini. Ukifia Biharamulo, mzee, utachelewa maziko yako mwenyewe."

Nikaona elimu inahitajika. Nikafungua atlasi, nikatoa uzi. "Nairobi hadi Geneva, kidole kimoja." Nikakunjua ramani ya wilaya zetu. "Ngara hadi Biharamulo, mkono mzima."

"Ramani hii shuka, ile leso," akasema Amri, fundi baiskeli.

"Uzi ni uleule. Sayansi haiangalii shuka."

Mzee Hapana akautazama uzi, akakuna kidevu. Nilipoona analegea, nikaongeza, "Tena miezi mitatu, mzee, ni kufumba na kufumbua."

Akaweka kikombe chini. "Hiyo mitatu umeisikia wapi? Hapa sijaitaja."

Bi Biubwa akaacha kumimina kahawa. "Profesa, unaulizwa."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Miezi mitatu."

Nikakiri. Jovina ndiye aliyenituma, uzi ni wake, na ujira wangu ni sweta la kuletewa kutoka huko.

"Kwa hiyo Geneva si karibu."

"Ni mbali sana, mzee. Lakini redio haikudanganya. Ni usiku mmoja."

Akauviringa uzi kidoleni, akautia mfukoni. "Basi aende. Ila baba yake mkubwa yuko Kaniha, na lazima aambiwe. Utakwenda wewe, kesho, na Shibuda."

"Mzee, Kaniha si ni Biharamulo kulekule?"

"Beba sweta," akasema Shibuda. "Tukilala porini kuna baridi."

Ikabidi nikiri mara ya pili: sina sweta, liko Geneva.

"Si karibu?" akasema Mzee Hapana. "Pita ulichukue."