Kitana cha Hamdam

Jumatatu, 6 Oktoba
Balaa! Darasa letu la Kiarabu, la wazee wa mtaa hapa Marghilan, limegawanywa wawili wawili. Anayesoma vizuri amfundishe mwenziwe. Mimi, mwalimu wa jiografia kwa miaka thelathini na minane, nimepewa Hamdam kinyozi anifundishe! Hamdam, aliyerudia darasa la tano kwangu! Ijumaa tunapimwa. Nikisoma hadithi nzima bila kukwama, ukuu wa jozi ni wangu, na kwenye pilau ya darasa Jumamosi nitakaa kule juu, mahali pa heshima, mbali na mlango. Nikishindwa, nitakula mlangoni, karibu na viatu.

Jumanne, 7 Oktoba
Hamdam ananionyesha maneno kwa kitana chake cha kazi. Nilipoharakisha akaniambia: Taratibu, Mwalimu, mlima haukimbii. Maneno yangu mwenyewe, ya mwaka ule aliorudia! Haya hayavumiliki.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata hila! Mke wangu Muqaddas husoma Kiarabu kama anayekunywa maji. Amenisomea hadithi ya punda na kisima mara kumi na tisa, na nimeikariri yote. Akasema kwa muda huo ningekwisha kuzijua herufi. Nikamweleza kwa upole kwamba elimu ina njia nyingi. Alicheka hadi akamwaga chai.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nilitiririka kama mto! Punda akasafiri, akafika kisimani, akanywa, akaogopa kivuli chake, akarudi nyumbani. Nikainua uso nipokee pongezi. Hamdam akaniambia: Mwalimu, punda wako ameshalala zizini, na kitana changu bado kipo mstari wa kwanza. Ukurasa hatujaufunua.
Darasa zima lilishika mbavu. Hata imamu anayetupima!

Jumamosi, 11 Oktoba
Nilikula karibu na viatu. Vya Hamdam vilikuwa vipya. Yeye akashuka kutoka kule juu, akanimiminia chai kidogo tu, chini ya nusu kikombe. Kikombe kilichojaa humwambia mgeni anywe aondoke; kidogo humwambia akae, ataongezwa. Akasema: Mwalimu, kesho pita dukani kwangu, tuanze na alifu, na kichwa nitakunyoa bure. Nilimshukuru kwa moyo wote.
Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona: ukurasa! Muqaddas ameanza kunisomea hadithi ya pili. Safari hii, kila penye kufunua, anagonga meza.