Mama Kamtunza Joanne kwa Wakili

Jamani, leo aibu imenipata mchana kweupe, ofisini kwa wakili, mbele ya watu ninaowaheshimu. Hata koti sijavua. Nawasimulia mapema kabla Mama hajaanza kusimulia yeye, maana akisimulia yeye makosa yote yatakuwa yangu.

Wanaonijua wanajua. Mimi ni transi. Nilizaliwa Tanga nikapewa jina la kiume, nikaja kuwa Salma ukubwani, hapa hapa Toronto. Mtoto nilimtamani siku zote na tumbo la kumbebea sina. Joanne, tunayefanya naye kazi duka la dawa, ana watoto wake wawili. Siku moja tunakula chakula cha mchana akaniambia, "Nitakubebea mimi." Nilidhani utani. Haukuwa utani. Wiki iliyopita kajifungua binti, Nuru, kilo tatu na ushee, masikio yale yale ya Mama.

Sasa sheria. Zamani mtu kama mimi angepelekwa mbele ya jaji. Sheria mpya ya hapa Ontario, iliyoanza mwaka jana, ni nyepesi: Joanne anasubiri siku saba zipite tangu mtoto azaliwe, halafu anasaini kwa hiari yake kwamba mtoto ni wangu. Akisaini, mimi ndiye mzazi. Asiposaini, tunarudi kwa jaji. Siku saba hizo sikulala. (Nuru naye hakulala, lakini yeye ana sababu zake.)

Na kuna jambo la pili. Canada nzima, kumlipa mwanamke aliyekubebea mimba ni kosa la jinai. Gharama zake zenye risiti unamrudishia, basi. Zawadi ya pesa ni marufuku. Wakili wangu, Bibi Ferreira, alinionya mara tatu. Nikamuuliza kuhusu uji wa pilipili manga ambao Mama anampelekea Joanne kila siku. Akafikiri. Akasema uji sawa. Halafu akauliza uji ni nini.

Kosa langu liko hapa, na nalikiri: Mama sikumwambia lile la pesa. Ningemwambiaje? Mtu akubebee mwana miezi tisa, halafu umwambie mwanamke wa Tanga kwamba kumshika mkono kwa chochote kidogo ni jinai? Nikaona ninyamaze, mambo yapite. (Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nimepata mtoto na bado naficha.)

Tena mimi na Mama tumetoka mbali. Nilipobadilisha jina hakunifukuza, hakunipigia kelele. Aliacha tu kuniita. Jina la zamani hakulitaja tena, na jipya halikumtoka mdomoni. Miaka sita naitwa "wewe". Wewe, njoo ule. Wewe, umevaa sweta? Nikazoea, ingawa iliniuma. Lakini Nuru alipofika nyumbani, Mama alifunga mlango wa kwake Thorncliffe, akaja Crescent Town kulala kwenye kochi langu, na hajaondoka mpaka leo.

Basi leo saa nne asubuhi Mama Asha, jirani yake Mama, akatuendesha mpaka Don Mills, kwa wakili. Mama kavaa kanga mpya juu ya gauni na kajifukiza udi. Lifti nzima ikanukia harusi. Hapo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Joanne alikuwa ameshafika, na ndala, miguu bado imevimba. Bibi Ferreira alimwingiza kwanza peke yake, akamuuliza kama anasaini kwa hiari, na kama kuna mtu kampa au kamwahidi chochote. Joanne akasema hakuna. Likaandikwa. Kisha tukaitwa sote ndani. Karatasi mezani, kalamu mkononi mwa Joanne, mimi nimembeba Nuru.

Kigelegele!

Alikuwa Mama. Kirefu, cha kumtoa bibi harusi ndani. Mama Asha akadakia cha pili. Mlango wa ofisi ya jirani ukafunguka, mtu akachungulia. Mama huyo anamwendea Joanne, kiuno kinafanya kazi, anaimba wimbo aliotunga papo hapo, na ndani ya wimbo nikasikia, "Mama Nuru kapata mwana, mtunzeni aliyemleta!"

Mama Nuru ni mimi, jamani. Miaka sita ya "wewe", leo Mama Nuru, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Akili iliniruka.

Mama akatoa noti ya dola ishirini, akambandika Joanne kwenye paji la uso, kama anavyotunzwa mtu yeyote aliyefanya jambo kubwa. Noti za hapa ni za plastiki, hazigandi. Ikateleza. Akaichomeka kwenye kola. Mama Asha akachomeka yake kwenye mkono wa sweta. Joanne anacheka tu, haelewi hili wala lile. Na mimi (mtu mzima! niliyeonywa mara tatu!) nikamhamishia Nuru mkono wa kushoto, nikachomoa ishirini yangu, nikasogea kwa madaha, nikambandika Joanne usoni.

Ikateleza. Ikashuka taratibu, kijani chake kinang'aa, ikatua mezani, juu kabisa ya mstari wa sahihi.

"Salma," Bibi Ferreira akasema polepole. "Ondoa mkono mezani. Mtu yeyote asiguse kitu."

Mama, kiuno bado kimepinda, akaniuliza, "Anasemaje huyu? Na yeye anataka kutunzwa?"

Ikabidi nimweleze pale pale. Kwamba tumempa Joanne pesa. Kwamba ni kosa, kuna faini na kuna jela. Kwamba karatasi huenda isisainiwe leo wala kesho.

"Jela? Kwa kumtunza mzazi?" Mama akazitazama noti, akamtazama wakili, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kwa pingu. "Mwambie zote zangu. Anifunge mimi. Huyu ana mtoto mchanga."

"Mama, subiri..."

"Tafsiri!"

Nikatafsiri huku nalia. Bibi Ferreira akavua miwani, akaangalia dari. (Wakili wa huku analipwa kwa saa, na dari aliiangalia sana.) Akaamuru kila noti irudi kwa mwenyewe, sasa hivi, mbele yake. Ya Mama ilikuwa imezama ndani ya blauzi, Joanne akageukia ukutani kuitafuta. Kisha tukatolewa nje wote, akabaki Joanne peke yake na wakili.

Dakika ishirini. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nilimnusa Nuru kichwani na kujiambia kwamba nimempoteza mwanangu kwa upumbavu wangu mwenyewe, kwa sababu niliona aibu kumwambia mama yangu sentensi moja. Mama alikaa pembeni yangu, anakunja pindo la kanga. Mwishowe akasema, "Mama Nuru, shika vizuri shingo ya mtoto." Nikashika.

Mlango ukafunguliwa. Joanne macho mekundu, kumbe ni kicheko. Bibi Ferreira ameandika karatasi ya ziada: palitokea shamrashamra za kimila, pesa zote zimerudishwa, aliyetunzwa hakuwa ametarajia wala hakuomba.

"Nimemwambia ukweli," Joanne akasema. "Tangu harusi yangu hakuna mtu aliyewahi kunichezea ngoma. Na siuzi kitu. Naomba kalamu."

Akasaini.

Mama akanivuta shati. "Imeandikwa nini?"

"Kwamba mimi ndiye mzazi wa Nuru."

Akaichukua karatasi, akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Hilo nalo lilitaka karatasi?"

Joanne akamuuliza wakili kama kucheza mikono mitupu kunaruhusiwa. Bibi Ferreira akasema sheria haikutaja kucheza. Tukacheza, na yule mchunguliaji wa ofisi ya jirani akaja kupiga makofi.

Kwa hiyo somo la leo: wakili akikuonya mara tatu, ya nne mwonye mama yako. Na tafadhali, wa kucheka acheke taratibu. Mwanangu amelala.