Kitone Chekundu cha Muyama

Njooni, enyi watu wa nyanda za juu, ninyi wa Kibondo na ninyi wa Kasulu, na nyote mliowahi kuambiwa na karani kwamba mtandao unasumbua, rudini kesho. Wekeni majembe chini, nyamazisheni simu zenu, mpate kusikia habari za Gharibu bin Saidi, mshika nywila, mbofyaji asiyetetereka, simba wa kipanya kisicho na waya, jinsi alivyopigana na kitone chekundu siku ya Alhamisi tangu saa mbili asubuhi, asionje kitu ila vikombe vinne vya chai na chapati mbili.

Shirika lake la kugawa mbegu lilikuwa na seva tatu, moja Kasulu, moja Kibondo, moja Muyama, na hifadhidata moja iliyokaa ndani ya zote, kila seva ikizimegea nyingine majina ya wakulima iliyoyapokea, ili moja ikifa zilizobaki zirithi. Gharibu alizitawala zote akiwa Kasulu, juu ya kiti chake cha kuzunguka, kwa ukurasa mmoja wa mtandaoni wenye vitone vitatu. Kijani ni uzima. Chekundu ni msiba. Na siku ya uzinduzi meneja Hashimu, mwenye hotuba mfukoni wakati wote, aliamuru daftari za majina zichomwe hadharani, maana zama za karatasi zimekwisha. Zikachomwa, na watu wakapiga makofi.

Basi kitone cha Muyama kilikuwa chekundu tangu Jumanne jioni. Jumatano hakuna aliyekiona, kwa kuwa shujaa wetu alishinda kwenye semina ya kuangalia seva. Huko Muyama mvua za kwanza zilikwisha kunyesha, lori la mbegu za maharage lilikwisha kufika, na watu sitini na watatu walioandikishwa Jumanne walikuwa kwenye foleni, lakini karani wa lori kila akifungua orodha haoni hata jina moja. Majina yao yalilala ndani ya seva ya Muyama peke yake, iliyozimika kabla ya kuzimegea wenzake. Asiye na jina hapati mbegu, na lori lingeondoka saa saba.

Gharibu akaupakia ukurasa upya; chekundu. Akatoka, akaingia tena kwa nywila ya herufi kumi na sita, chekundu. Akabofya "Washa upya", na seva ya Muyama ikamnyamazia kama mkwe aliyenuna. Ndipo akasimama, akakihutubia kitone kile.

"Ewe kitone! Wajua umesimama mbele ya nani? Mimi ni mjukuu wa wauza vitenge waliopanda kutoka pwani kwa miguu, mhitimu wa mafunzo ya siku tano, ambaye cheti chake kimetiwa plastiki! Geuka kijani, ama nitakubofya mpaka wajukuu zako waombe msamaha!"

Kitone hakikutishika. Aliyetokea ni meneja Hashimu, amevaa koti lake la kupokelea wageni.

"Gharibu, nguzo ya idara yetu! Wafadhili wanaingia saa tano na nusu, nao watautazama ukurasa huu ukutani. Je, wauone ukitokwa damu? La hasha! Naona pana kitufe cha 'Ondoa seva'. Kibonye. Vikibaki vitone viwili vya kijani, basi vyote ni vya kijani."

Gharibu akabonyeza. Ukurasa ukamwuliza: majina yasiyonakiliwa yatapotea kabisa, una hakika? Hapo akakumbuka picha iliyotumwa asubuhi kwenye kundi la simu. Mbele ya foleni alikuwepo bibi Immakulata, mjane wa Muyama, gunia tupu limekunjwa kwapani, ambaye shamba lake lilikwisha kulimwa na ndani ya nyumba hakuna punje ya kupanda. Aliogopa kweli, wasikilizaji, na hofu ile ndiyo kitu pekee cha kishujaa alichokuwa nacho tangu asubuhi.

Akabonyeza "Ghairi". Kisha akatwaa silaha ambayo semina haikuitaja, simu, akampigia Epifania, mhudumu wa ofisi ya Muyama.

"Mwakeye, bwana Gharibu," akasema Epifania, akimwamkia kwa Kiha. "Tunawangoja nyie huku."

"Epifania, mlinzi wa ngome ya mbali! Nieleze bila kuficha: seva imevamiwa? Imeungua?"

"Yoo! Iungue na mimi nipo? Jumanne radi ilipiga, nikachomoa waya ukutani, nikaifunika kitenge. Hata redio ya nyumbani huwa nachomoa."

"Na radi ilipokwisha?"

"Waya nilirudisha jana asubuhi. Ila kuiwasha kunataka kidole, na wewe mwenyewe ulibandika tangazo: marufuku kugusa chombo hiki bila idhini ya Gharibu. Kwa hiyo nimengoja idhini."

Shujaa akafumba macho. Tangazo lile alilichapa kwa wino wa rangi.

"Nakuidhinisha!" akanguruma. "Kwa mamlaka yote niliyopewa, gusa!"

"Ego, sawa. Ngoja nikunje kitenge kwanza."

Kitone kikawa njano, kikasita, kikawa kijani, na majina sitini na matatu yakashuka kwenye orodha zote. Gharibu akalia machozi, na wala hakujificha.

Wafadhili wakaingia, wakaona vitone vitatu vya kijani, na Hashimu akahutubia saa nzima na robo. Akamvisha Gharibu kofia ya shirika, akamwita mkombozi wa data. "Adui yetu," akasema, "ni ujinga wa watu wa vijijini, wanaochomoa nyaya kwa kuogopa wingu!"

Mara radi ikapiga juu ya Kasulu. Meneja akaruka kutoka jukwaani, akachomoa waya wa seva kwa mikono miwili, akavua koti lake la wageni akaifunika, asibakize hata pembe. Picha ukutani, iliyotegemea waya ule ule, ikazimika. Kwenye kompyuta ya Gharibu, iliyokuwa ikila betri, kitone cha Kasulu kilikuwa chekundu, ila vya Kibondo na Muyama vilikuwa vya kijani na hakuna jina lililopotea.

Simu ikalia.

"Wote wamepata," akasema Epifania. "Bibi Immakulata ameshaondoka na mbegu zake kichwani. Mbona huko kuna kelele?"

"Radi. Meneja amechomoa seva."

"Amefanya vizuri. Mwambie asiiguse mpaka nitoe idhini."

Hayo ndiyo yaliyotukia, na ripoti ya robo mwaka imeyahifadhi kwa vizazi vyote, ukurasa wa tisa, kwamba Gharibu alitatua changamoto ndogo ya kiufundi. Epifania hakutajwa. Maharage ya Immakulata yameota, na tangazo la Muyama sasa limeandikwa kwa mkono, kwa jina la Epifania.