Nilivyomwambia Mturuki niko dukani

Jamani, leo nimeumbuka, tena kwa Kituruki.

Mnajua nauza mapazia hapa soko la Kamembe, upande wa Rwanda. Kuna Mturuki anayeleta mapazia Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, na alikuwa anatafuta muuzaji mmoja upande wetu. Nilimtaka huyo bwana kufa kupona (mapazia yake, mume wangu Papa Salma, usinune).

Basi wiki tatu nimejifunza Kituruki kwenye simu. Somo la kwanza: watu wako wapi. Rahisi! Dükkân ni duka, dükkânda ni dukani, dükkândayım ni niko dukani. Ev ni nyumba, evdeyim ni niko nyumbani. Nikajiona profesa.

Alisema leo saa nane atavuka mpaka, aje kuona duka langu. Saa nne asubuhi niko nyumbani, miguu juu ya kigoda, hina mbichi mpaka vifundoni (kesho kuna harusi). Simu ikalia. Ni yeye.

"Neredesin?" Uko wapi?

Sasa, kwetu ukiulizwa hivyo kwenye simu, husemi uko nyumbani. Unasema umeshafika, ndiyo unaanza kutafuta viatu. Ni adabu tu.

"Dükkândayım," nikajibu. "Dükkânda?" akarudia. Nikadhani amependezwa na matamshi, nikaongeza: "Müşteriler de dükkânda." Na wateja wako dukani. (Nani alinituma?)

Akajibu polepole, na kwa bahati mbaya nikaelewa kila neno: "Ben de dükkândayım." Mimi pia niko dukani.

Kumbe amewahi. Akampa simu Papa Idi, fundi viatu wa mlango wa pili.

"Maman Salma, huyu mugeni iko naonyesha mulango, eti uko mule ndani. Na kufuli iko ku inje. Nani alikufungia?"

Kabla sijajibu, akaendelea:

"Tulia, Maman. Bantu banaleta nyundo." Yaani watu wanaleta nyundo!

Nikasikia pigo la kwanza. Kufuli yangu mpya!

"Evdeyim!" nikapiga kelele. "Papa Idi, mwambie, evdeyim!"

Mturuki akacheka mpaka nyundo ikanyamaza. Nilifika kwa pikipiki, nimempaka dereva hina suruali nzima, na nusu ya soko inanisubiri mlangoni.

Yule bwana akaandika kwenye simu yake, ikasoma kwa Kiswahili mbele ya wote: "Mapazia nitakuletea wewe. Lakini kuanzia leo tunaongea kwa video."

Na wewe unayecheka hapo, huku umemwambia mtu uko njiani, toka kitandani kwanza.