Mkombozi na Konokono Tisa

Jumatatu, tarehe 3

Nimepoteza konokono tisa. Wamepotea kati ya jana saa kumi na mbili jioni na leo saa moja asubuhi. Walikuwa kumi na wawili, wamebaki watatu: namba 2, namba 5 na namba 11. Namba niliwaandika mwenyewe migongoni kwa rangi nyeupe ya karakana, maana mali isiyo na alama haina mwenyewe.

Hasara imekuja wakati mbaya. Tangi langu la maji ya chumvi, lita 240, matumbawe matano, limevamiwa na mwani. Si mwani wa kupangusa kwa kitambaa. Huu una nywele. Nimezipima kwa rula: sentimita nne. Jumatatu iliyopita zilikuwa mbili na nusu. Konokono ndio walikuwa jeshi langu la kuula.

Nimemuuliza mke wangu kama amewaona. Akasema konokono wana miguu yao. Nikamwambia kila mmoja ana mguu mmoja tu. Akasema basi kwa mguu mmoja hawajafika mbali. Kisha akatoa hukumu, huku anakunja nguo: mama yake anakuja Jumapili saa kumi jioni. Akikaa kwenye kochi asimwone samaki bila kuinuka, tangi linapanda ghorofani kwa jirani yetu Mwalimu, na hapo tunaweka kabati la vyombo.

Samaki ni mmoja, wa rangi ya chungwa. Nimemwita Mheshimiwa kwa sababu haonekani ila wakati wa kula. Sasa hata wakati wa kula haonekani.

Siku sita. Zinatosha!

Jumanne, tarehe 4

Nimempigia muuza samaki. Nikamweleza kuwa aliniuzia konokono watoro. Akaniuliza taa inawaka kwa saa ngapi kwa siku. Saa nane, wala dakika haizidi. Chakula? Kipande cha ukubwa wa ukucha, mara mbili kwa siku. Maji nabadilisha? Lita 24 kila Jumamosi, asilimia kumi kamili. Nikajua nimemweza. Kisha akauliza kama kuna chuma chochote ndani ya maji.

Simu ikakatika. Niliikata mimi.

Mtu hawezi kumtukana Mkombozi nikasikiliza. Mkombozi ni kifaa changu cha kukwangulia kioo. Nimemchomelea kwa mikono yangu kutoka kwenye bapa la chuma lililobaki kwenye geti la mteja. Urefu sentimita 35, uzito gramu 900. Anakaa majini usiku na mchana, amening'inia kwenye kulabu, ili mwani ukichomoza tu anakutana nao. Miaka ishirini na miwili nimekula kwa chuma, nimesomesha kwa chuma. Leo muuza samaki anataka kunifundisha chuma.

Jumatano, tarehe 5

Nimekutana na Mwalimu kwenye ngazi. Amestaafu, anaishi juu yetu, ana tangi kama langu. Kioo chake ni safi kiasi kwamba mtu anaweza kudhani samaki wanaelea hewani. Hilo peke yake linanitia shaka. Mtu anayefanya kazi, vitu vyake huonyesha kazi.

Akaniambia kwa ile sauti yake ya ubaoni, "Fundi, kutu ni mbolea ya mwani. Toa hicho chuma, ndugu yangu."

Nikamjibu kwamba ile rangi ya kahawia si kutu. Ni chuma kukomaa. Akasema, "Haya," akaendelea kupanda. Watu waliosoma wakishindwa husema haya.

Hata hivyo nimegundua jambo kubwa. Tatizo si Mkombozi kuwepo. Tatizo ni kwamba hajatumika kwa nguvu ya kutosha! Kesho ndiyo siku yake.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi. Nimekwangua mara 212. Nilikuwa nahesabu kwa sauti na mke wangu akafunga mlango wa chumbani. Mara ya 213 mpini ukang'oka mahali pa kiungo. Kiungo nilikichomelea mimi, lakini vijiti vya kuchomelea vilikuwa na unyevu, na aliyeviacha dirishani hajulikani.

Nimempeleka Mkombozi karakana. Nimebaki mikono mitupu, siku tatu mkononi. Hapo ndipo akili ilipowaka. Mwani unakula mwanga. Adui hapigwi tu, hunyimwa chakula! Nimezima taa, nimetoa lita 60 za maji machafu, nikatia mapya, nikalifunika tangi kwa blanketi mpaka Jumapili. Mheshimiwa na matumbawe wamebaki gizani, lakini hata mgonjwa hulazwa.

Mke wangu ameuliza ni blanketi gani. Ni lile la wageni. Akasema mgeni anayekuja ni mama yake. Nimeahidi kulikausha.

Jumamosi, tarehe 8

Nimechungulia kwa sekunde kumi. Nywele zimelegea, zimekuwa za kijivu kama za wazee. Nimeingiza mkono hadi begani, nikazing'oa kwa mswaki huku nikizinyonya kwa mpira kwenda kwenye ndoo. Ndoo mbili. Nimeongeza lita 40 za maji safi. Kutoka saa tatu hadi saa saba mchana sijakaa chini, na moyo unanidunda kama wa bwana harusi.

Karakana hawajamaliza kumrekebisha Mkombozi, kwa sababu karakana ni mimi na mimi niko hapa.

Jumapili, tarehe 9

Ushindi!

Saa kumi na dakika tano mama mkwe aliketi. Nilivuta blanketi kama mtu anayezindua daraja. Kioo kimetakata. Mheshimiwa akaja mbele kabisa, akasimama.

Mama mkwe akamtazama kwa muda. "Huyu samaki wako, baba, mbona anatuangalia kama tuna deni lake?"

Amemwona. Hakuinuka. Nilimgeukia mke wangu, naye akakubali kwamba ahadi ni ahadi, tangi libaki. Nimewaeleza siri ya ushindi: mikwanguo 212. Mke wangu akataja giza, na maji lita 100, na kwamba chuma hakikuwemo ndani tangu Alhamisi. Nikamwambia hayo ni mambo madogo madogo.

Saa kumi na moja mgeni alipotoka nilikwenda moja kwa moja karakana. Mkombozi amerudi majini. Sasa ana makali mawili na uzito wa gramu 1,800. Mara mbili ya nguvu, nusu ya muda. Hesabu haidanganyi.

Jumatano, tarehe 12

Sentimita moja. Ya kijani. Siku tatu tu!

Nimepanda kwa Mwalimu, kumtazama machoni. Chuki yake kwa Mkombozi haikosi sababu, na mimi nilitaka kuiona. Nikaingia, nikatazama tangi lake. Juu ya kile kioo safi, anatembea taratibu kama yuko kwao: namba 7.

Nikahesabu. 1, 3, 4, 6, 7, 8, 9, 10, 12. Wote tisa, wamenenepa.

Mwalimu hakushtuka hata kidogo. Akasema mke wangu ndiye aliyemletea kwenye bakuli, Jumatatu ile asubuhi nilipokuwa naoga. Mke wangu aliwakuta wamepanda juu kabisa ya kioo chetu, wanatafuta njia ya kutoka. "Siku ukitoa chuma, Fundi, nitakuletea mwenyewe."

Nimeshuka kumuuliza mke wangu. Hakukana. Mama yake anarudi Jumapili, na masharti ni yale yale. "Hao tisa wametangulia kupanga chumba," akasema. "Wenzao watafuata."

Alhamisi, tarehe 13

Nimemwongezea Mkombozi kulabu ya pili, sasa anafika mpaka mchangani. Kisha nimepitisha barua chini ya mlango wa Mwalimu. Naiweka nakala hapa:

Mwalimu, konokono tisa wenye namba zangu wamo kwenye tangi lako tangu tarehe 3. Bila wao mwani umerudi, kwa hiyo wa kulaumiwa anajulikana. Habari za chuma sitaki, somo sitaki, na "haya" yako sitaki. Nataka neno moja tu, ndiyo au hapana: unawarudisha? Nijibu kabla ya kesho Ijumaa, saa kumi jioni.